Dezire Atafika Nyumbani Kabla Yangu

Gitega, Jumapili, mwezi wa saba

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo umepoa kidogo? Na usingizi, umekurudia tangu tumzike baba? Mimi ni mzima wa mwili, ila nina wivu, na wewe sijazoea kukuficha.

Karakana yetu inapeleka mashine ya kusaga ya umeme wa jua huko Gashoho, wiki ileile ya kuganduka, siku ya kumwondolea baba matanga. Anatakiwa fundi mmoja tu. Ningechaguliwa mimi, ningefika hapo nyumbani Butihinda tukae pamoja. Nikibaki, sina ruhusa ya kuondoka kazini.

Bosi alitupa mtihani, mimi na Dezire, kijana ninayelala naye chumba kimoja. Betri zinaunganishwa kwa vipande vya shaba vilivyokazwa kwa bulo, yaani boliti, na vikiugomea umeme sana vinaungua. Tulitakiwa tuvichore kwenye kompyuta, tupitishe humo umeme wa kuigiza, tujue ukinzani wa kiungo chote kabla ya kukata shaba. Nilichora kwa uangalifu, Mama. Kisha tukakiunda, tukakipima. Jibu la Dezire lilikaribia kabisa. Langu lilikuwa dogo mno.

Bosi akacheka. "Eliya, umechora jembe na mpini kama vimezaliwa pamoja! We unafikiri bulo iko pambo?"

Ni kweli. Niliiambia kompyuta kwamba yote ni shaba moja. Dezire alikumbuka kwamba kipande kinapolalia kingine, hata kikikazwa, umeme huvuka kwa shida.

"Pole, vieux, mzee wangu," akaniambia. "Mi nitamusalimia mama yako."

Baba yake yu hai, humpigia simu wakicheka mpaka natoka nje. Na bado yeye ndiye atakayekaa mkekani petu! Baba alikuwa akianika betri za redio juu ya bati, akizigeuza kama mahindi, nami nikiamini ndivyo umeme unavyoiva. Hilo Dezire halijui, wala simwambii.

Hata hivyo nimemwomba apite kwako, akakubali. Anakuletea sukari na kitenge. Mpe maharage, lakini usimwongeze.

Nisalimie dada Spesiyoza, na baba mdogo atakayeongoza shughuli, na jirani aliyetupa mbegu tuliporudi kutoka Tanzania. Bia ya ndizi ikizunguka na watoto wa marehemu wakitajwa, msiniruke. Nitajeni, na dada aitike badala yangu.

Mwanao,
Eliya