Nilisema Kanisani Kwamba Naangusha Watu

Jumapili, jioni.

Leo Birmingham imepata jua la kweli, lile la kutoa watu nje na viti vyao, na mimi nimelipoteza karibu lote nikiwa ndani natafsiri. Sijuti.

Kwa asiyenijua: mimi ni yule msichana anayekaa mwisho wa safu, karibu na mlango, ili ibada ikiisha atoke kabla ya salamu. Nina miaka kumi na sita. Kiswahili nakiandika vizuri kuliko ninavyokisema, kwa sababu karatasi hainitazami usoni.

Sasa, Kaka Reuben. Ni mtoto wa mama mkubwa, dada yake Mum, aliyefariki mwaka juzi. Alizaliwa Amerika na anacheza mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya kuvalishwa. Yeye ni wa ulinzi. Kazi yake ni kumfikia yule jamaa anayerusha mpira na kumwangusha kabla hajaurusha. Amelipwa kwa kazi hiyo tangu amalize chuo. Sasa timu moja ya Ujerumani inamtaka kwa msimu mmoja, pengine wa mwisho, na inasubiri jibu lake kesho asubuhi.

Amepitia kwetu kwa sababu Nyanya yuko hapa. Alikuja kutoka Kitale kumsaidia Mum na mtoto mchanga, kama alivyoenda Amerika Reuben alipozaliwa. Zamani mama mkubwa ndiye alikuwa akimwombea kabla ya kila msimu. Sasa amebaki Nyanya tu. Reuben alimwambia Mum wazi kabisa: Nyanya asipomwekea mkono kichwani, hasaini.

Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kumweleza Nyanya mchezo wenyewe. Yeye alijua Reuben anacheza mpira, basi. Kwenye simu humuuliza amefunga mabao mangapi, naye Reuben, ambaye Kiswahili anakisikia nusu na kukisema robo, hujibu, "Mengi, Nyanya."

Hajawahi kufunga hata moja.

Kanisa letu limekodi ukumbi kule Hockley, juu ya karakana. Mgeni lazima aje mbele asalimie, na lazima atafsiriwe, hata kama nusu ya ukumbi imeshaelewa. Tena mtafsiri wetu hasimami kama mlingoti. Mgeni akiinua mkono, naye anainua. Akiruka, anaruka. Mama Shiru ndiye bingwa wa hayo, lakini yeye ni nesi na leo aliitwa kazini. Mchungaji akaanza kupekua safu kwa macho. Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

"Neema! Njoo, mama, umsaidie kaka yako."

Nilifika mbele bila kujua miguu ilinifikishaje. Reuben akaanza polepole, kwa Kiingereza. Nami nikasema, kwa sauti ya simu iliyofunikwa na mto, "Nimeachwa na timu tatu."

"Sauti!" akaitisha baba mmoja.

"Nimeachwa na timu tatu! Nimepasuliwa goti! Nikaenda Kanada, nikaanza upya!"

"Amina!"

Reuben akachuchumaa, mkono mmoja sakafuni, kuonyesha wanavyosubiri kabla ya mpira kutoka. Nikachuchumaa. Na sketi yangu ya Jumapili. Akachomoka hatua mbili, nikachomoka. Kisha nikatangaza, mimi ambaye ukiniweka kando yake nafanana na mpini wa ufagio, "Kazi yangu ni kuangusha watu! Wakubwa kuliko mimi!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Kijana mmoja nyuma akapiga kelele, "Dada Neema, tuhurumie!"

Na hapa niseme ukweli: niliipenda ile kelele. Niliipenda mno. Nikapanua mikono, nikaongeza maneno ambayo Reuben hakuyasema: "Nawaangusha, wanalala hapo hapo, na mshahara unaingia!"

Mtu mmoja tu hakucheka. Nyanya alisimama pale safu ya pili, mtoto mgongoni.

"Unaangusha watoto wa nani?"

"Mama, ni mchezo tu," Mchungaji akasema.

"Mchungaji, naongea na mume wangu." Amemwita Reuben mume wake tangu akiwa na siku moja, kama nyanya zetu wanavyowatania wajukuu.

Nikatafsiri swali. Nikatafsiri na jibu: "Wa timu ile nyingine."

"Na hao hawana mama zao?"

Mchungaji alipoita watu waje wamwekee Reuben mikono kwa ajili ya safari, walikuja karibu wote. Nyanya alikaa, akamrekebisha mtoto kofia. Reuben akawashukuru watu, akawaomba wasubiri. Hakupiga magoti.

Tukapanda basi la kurudi nyumbani, Perry Barr. Mimi nilikuwa nahesabu makosa yangu, na yote yalikuwa yale ya kuongeza chumvi. Je, kama nimemkatia mtu kazi yake kwa ajili ya kuchekesha kanisa?

Tulipomaliza kula, Nyanya akanawa mikono, akakaa mbele ya televisheni, akampakata mtoto.

"Nionyesheni huo mpira."

"Mama, utaota vibaya," Mum akasema.

"Nitaota mimi, si wewe. Weka."

Reuben akaunganisha simu yake. Nikakaa sakafuni katikati yao, na nikaapa kwamba safari hii sitaongeza hata neno.

Kwenye video ya kwanza Reuben alimbeba mtu mzima akamtupa kama godoro. "Yesu wangu!" Nyanya akamziba mtoto macho. Ya pili, vivyo hivyo. Reuben akanyoosha mkono azime.

"Wacha. Rudisha nyuma kidogo. Hapo. Huo mkono ni wa nani?"

Ulikuwa wa Reuben. Filimbi imeshalia, na yeye anamvuta yule jamaa asimame, anampiga kofi begani. Mimi nimeziona hizo video mara nyingi, na kila mara nilikuwa nikizikata pale mtu anapoanguka.

Nyanya akataka zote tena, kuanzia mwanzo, lakini sasa hakutazama kuanguka. Alisubiri filimbi. "Huyu umemwinua. Huyu pia. Haya." Kisha akanyoosha kidole. "Na huyu? Mbona umemruka, ukaenda zako?"

Nikatafsiri. Reuben aliangalia zulia, akajibu kwa sauti ndogo. Nikamwangalia Mum. Mum akaniambia, "Sema alivyosema."

"Anasema huyo alimtukana mama yake. Ilikuwa msimu ule baada ya mazishi."

Nyanya alimpangusa mtoto mate mdomoni.

"Huyo mwache alale," akasema.

Mum alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikuweza kutofautisha. Reuben akaniuliza kwa macho, nikamtafsiria, na jitu lile zima likapiga magoti kwenye zulia bila kuambiwa. Hata hivyo Nyanya ilibidi asimame ndipo akifikie kichwa chake.

Aliomba kirefu. Aliombea goti, ndege, chakula cha Ujerumani. Mimi nilitafsiri yote kwa sauti, bila mtu kuniomba. Mwishoni akasema, "Na hao watoto wa watu atakaowaangusha, Baba, waanguke vizuri. Na asiwaache chini."

"Amina," Reuben akasema, kwa Kiswahili chake.

Jibu la kwenda Ujerumani limeshatumwa: ndiyo. Sasa yuko jikoni na Nyanya, wanabishana kwa ishara kuhusu nani ataosha vyombo.

Mimi nimebaki na lile neno, waanguke vizuri. Hivi kuna namna nzuri ya kuanguka? Kaka Reuben, aliyeangusha watu na kuanguka nao miaka yote hiyo, lazima anajua. Anaondoka Jumanne. Kesho nitamuuliza, tena kwa mdomo wangu, si kwa ujumbe.