Magazini ya Kushoto

Masama, Jumanne, Novemba 1978

Wameishika tena kwa magazini! Rashasha fupi tuliyoachiwa na Waingereza ina magazini ya risasi inayochomoza ubavuni, upande wa kushoto. Mgambo wangu, wakulima wa kahawa wote, wanaikamata kama mkono wa mashine ya kumenyea kahawa, na risasi zinakwama. Nimefoka mpaka koo linauma.

Mzee Elia, mkubwa wao kwa umri, akauliza, "Mwalimu, kwa nini hawakuiweka chini?"

"Ili ukilala kifudifudi isigote ardhini, mzee."

Akasema, "Basi aliyeiunda alijua kwamba mtu ataogopa."

Miaka yote nimeifundisha kama silaha ya majasiri. Ijumaa wanapelekwa vitani mpakani, na bado sijawafundisha kulala chini.