Ziwa la Muuza Magodoro

6 Februari

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu, ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Wewe je? Bado wanakupanga zamu ya alfajiri hapo kiwandani? Uoke mikate ya watu lakini na wewe ule, tafadhali.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu tunaishia kulia, halafu salio linakwisha hatujasema kitu. Wenzake baba yako wa dukani wanataka kufanya mkutano wa kumkumbuka mwisho wa mwezi ujao, kwenye ukumbi wa shule. Wanaomba maneno kutoka nyumbani. Mimi kusimama mbele ya watu siwezi, unanijua. Nimewaambia utaandika wewe, mtu mwingine atasoma.

Andika jinsi alivyokuwa. Kwamba aliuza magodoro umri wake wote na yeye mwenyewe hakupenda kulalia godoro. Kila akipata mwanya alibeba turubai lake, huyo, porini, akalale chini kama mtu aliyefukuzwa kwake. Nilikuwa namwambia, "Baba nanihii, wewe ni mpishi usiyeonja chungu chako." Ananijibu, "Nikilalia mali ya duka nitaota bei."

Weka hilo. Watacheka, na yeye angetaka wacheke.

Mama yako

17 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku haina adabu. Goti usilifanyie mzaha, nenda hospitali.

Nimeandika nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nimeamua kuanza na ile siku aliyonipeleka ziwani, kule juu ya mlima. Nilikuwa darasa la pili. Tulianza kupanda asubuhi, nikachoka, akanibeba mgongoni huku akinitajia ndege mmoja mmoja. Juu kabisa palikuwa na ziwa dogo, jeusi, limetulia kama chai iliyosahauliwa mezani. Tukakaa kwenye jiwe tukatia miguu. Mama, ile baridi! Mpaka leo nikifumba macho naisikia kwenye unyayo. Akaniambia, "Usimwambie mtu. Hili ni letu wawili."

Sijawahi kumwambia mtu, hata wewe. Unajua baba alivyokuwa. Wiki nzima yuko njiani anauza, akirudi sebule imejaa watu na yeye anaongea na wote. Siku ile tu ndiyo niliyokuwa naye peke yangu.

Nikumbushe, ulikuwa mwezi gani? Nataka niandike sawasawa.

Kitindamimba wako

1 Machi

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Mimi nipo, goti lipo.

Barua yako nimeisoma nikairudia, nikaiweka, nikaisoma tena. Sijui nikuambieje. Siku hiyo haikuwapo.

Darasa la pili ndipo ulipoanguka kwenye ukuta wa jirani ukavunjika mguu. Baba yako alikuwa amekuahidi kukupeleka mlimani likizo ile, na wewe ulikuwa umeshaitangazia shule nzima. Badala yake ukalala kitandani na plasta ngumu kutoka pajani hadi vidoleni. Ziwa ungelitilia mguu gani? Ulipopona, duka likamwongezea eneo la kuuzia, akawa haonekani. Hakukupeleka kamwe. Ningejua, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa nafunga mizigo yenu.

Labda ni ndoto, au umesoma mahali. Usiliandike. Sukani atakuwepo mkutanoni, yule dereva wa gari la magodoro aliyekuwa akipanda naye mlima. Tutaonekana tunamzulia marehemu.

Usinikasirikie.

Mama yako

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Sijakasirika. Sijui niko vipi.

Plasta naikumbuka. Nakumbuka mlivyokuwa mkinikuna ndani yake kwa kijiti cha kusukia nywele. Na ziwa nalikumbuka. Vyote viwili viko kichwani mwangu, likizo ileile, na kila nikijaribu kukiondoa kimoja kingine kinang'ang'ania. Jana nimeunguza trei nzima ya mikate. Msimamizi akaniuliza, "Unaumwa?" Nikamwambia, "Nimepoteza ziwa." Ameniangalia kama mtu wa kupelekwa kupimwa.

Mambo mengine ninayo: kikohozi chake mlangoni, harufu ya plastiki mpya kwenye shati lake, kicheko cha sebuleni. Lakini hayo anayo kila mtu aliyewahi kununua godoro. Kama siku yangu haikuwapo, mimi nimekuwa nikimlilia nani?

Muulize Sukani. Huenda ulitoka kidogo wewe, wakanipakia kwenye gari. Nijibu upesi.

Mwanao

24 Machi

Mama,

Shikamoo. Kimya chako kinanitisha. Simu inaita tu. Jirani anasema unatoka asubuhi unarudi jioni na hutaki kusema unakwenda wapi. Kuna nini?

Mkutano ni Jumamosi, kwa hiyo maneno nimewatumia wenyewe. Ziwa nimelitoa. Yaliyobaki ni makavu, yangeweza kusomwa kwa muuza magodoro yeyote yule.

Kama nimekuudhi nisamehe, lakini nijibu.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Salamu kwa wingi, na nisamehe kwa kimya. Sikuwa na hasira. Nilikuwa namtafuta Sukani, na Sukani siku hizi si mtu wa kupatikana, anaendesha lori la mchanga. Kila nikifika, ametoka. Nilipompata nikamuuliza habari za ziwa. Akavua kofia, akacheka, akaona sicheki, akaivaa tena. "Shemeji, kule juu hakuna ziwa. Kuna majani na upepo. Na huyu mtoto hatukumpandisha kamwe."

Nikarudi nyumbani nimekwazika, nikaanza kudeki. Naingiza mkono kwenye beseni, maji baridi, na papo hapo nikamwona baba yako. Alikuwa akirudi safari likizo ile anapita sebuleni bila kusalimia mtu, anakwenda chumbani kwako na beseni. Anaomba barafu kwa jirani, anatumbukiza mguu wako mzima, ule usiovunjika, anakuambia fumba macho. Halafu mnapanda kwa maneno. Leo mpaka msituni, kesho mpaka kwenye jiwe, mpaka mkafika. Mimi nilichojua ni kumgombeza kwamba ananilowesha sakafu. Maneno yenyewe sikuwahi kukaa nikayasikiliza.

Yule mtu angeuza chochote, na wewe alikuuzia ziwa. Lakini mlango ulikuwa umefungwa, mwanangu, na wageni wake walikuwa sebuleni wanamsubiri. Ulikuwa naye peke yako. Hilo si ndoto.

Mkutanoni walijaa. Maneno yako yamesomwa, watu wamecheka palepale nilipotaka. Mwenye nyumba ya wageni alisema alikwenda dukani kununua mito akatoka na magodoro ya vyumba vyote. Kila aliyesimama alisema jinsi alivyokuwa msemaji. Kisha akasimama Sukani. Akasema, "Mimi huyo mnayemsema simjui," akakaa. Watu wakaguna. Mimi nilikasirika, nikamfuata nje. "Umetuaibisha! Ulikuwa na maana gani?" Akainamisha kichwa. "Siwezi kueleza, shemeji. Labda nikupeleke."

Jana akanipeleka. Lori lilifika karibu na juu kabisa, sehemu iliyobaki akanishika mkono. Ni kweli, hakuna ziwa. Kuna majani mafupi, upepo, na jiwe moja limelainika juu. Nikamuuliza, "Sasa mlikuwa mnaongea nini huku siku nzima?"

"Hatukuongea. Alikaa hapo akinyamaza mpaka jua linageuka. Nikimsemesha anatikisa kichwa. Ndiyo maana nilikuwa nampenda."

Nimeishi na baba yako tangu nikiwa msichana na sijawahi kumsikia amenyamaza. Hata usingizini aliongea. Wewe una wako wa beseni, wale wana wao wa dukani, Sukani ana huyu. Nami sijui ni yupi kati yao niliyekuwa nikimpakulia chakula.

Nikakaa kwenye lile jiwe. Sukani akafungua kinywa kutaka kuniambia jambo, nikamwonyesha kwa mkono asubiri kwanza.

Mama yako