Mama Shiru Aliomba Msamaha Badala Yangu

Alhamisi

Bado naona uso wa Mama Shiru.

Asubuhi nilikuwa naweka toleo jipya la programu ya ghala la data pale kiwandani Thika, ile inayokusanya rekodi zote za maziwa ya wakulima. Nilidhani niko kwenye seva ya majaribio. Kumbe ni ile yenyewe inayotumika kazini. Nikabonyeza, rekodi zote zikafutika.

Meneja akaingia mbio. Kabla sijafungua mdomo, akamgeukia Mama Shiru, karani anayeingiza rekodi hizo. "Ni wewe tena! Kwa nini unabonyeza vitu hujui?"

Akamfokea mbele ya ofisi nzima. Mama wa watu akasema tu, "Pole sana, bosi." Na mimi, injinia mzima, nikakazia skrini macho.

Bahati nzuri kulikuwa na nakala ya jana, na kufikia alasiri nilikuwa nimerudisha kila kitu. Mama Shiru akaniletea chai. "Asante mwanangu, umeniokoa. Nilijua leo nafutwa kazi."

Nikaweka kikombe mezani. "Mama, ni mimi nilifuta."

Hakupiga kelele. Aliniangalia, kisha akauliza, "Kwa hivyo ulikuwa umekaa hapo ukinisikia nikiomba msamaha?"

Nikasema ndiyo. Akachukua trei yake akaenda.

Nilipofika nyumbani Membley nilimpigia meneja nikamwambia ukweli. Amesema kesho niurudie mbele ya wote. Naweza kupoteza kazi, lakini naogopa zaidi kumsalimia Mama Shiru asubuhi.