Kopo la Mkojo Lililopigiwa Vigelegele

Dada Yudithi, shikamoo. Huku Kilosa mvua hainyamazi, lakini mwanangu Neema anang'ara!

Mtoto mmoja wa Mikumi, anayedungwa sindano za saratani, alikuwa hakojoi vizuri. Wenzake Neema wa maabara hapa hospitalini wakaona vitu vyenye ncha kwenye mkojo, wakasema kichocho. Neema akarudia kuupima kwa hadubini. "Haya si mayai ya kichocho. Ni fuwele, ile dawa ya saratani imeganda kwenye mkojo, itaziba figo." Daktari akachungulia: "Ndugu Neema, umeona sawa." Wakasimamisha sindano, wakamnywesha maji mengi. Leo kajaza kopo, na wodi nzima, nami niliyempelekea Neema chakula, tumeupigia mkojo vigelegele!

Wasalimu wote Lumuma, Mungu awalinde. Nawe uliyesema, "Kusoma kote aje kupima mikojo?" haya, cheka tena, dada yangu mpenzi!

Mdogo wako,
Mama Neema