Mwonjaji wa Kwanza

Machame, Jumamosi

Lakini mimi ni mwanamume! Naandika tena: mimi ni mwanamume.

Wiki nzima mwalimu wa afya kutoka mjini katuhubiria kilabuni twende kupima UKIMWI. Anasema mtu habadiliki kwa kuambiwa tu; mpaka amwone mwenzake wa aina yake akifanya, ndipo aamini kwamba hata yeye anaweza. Kasoma miaka mingi kujua hilo! Mimi wa darasa la tano nalijua tangu utoto: anayekukaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, huonja kwanza mbele yako, ndipo nawe unywe.

Leo nesi kaweka hema la kupimia nje ya kilabu, wote wakainamia kata zao za mbege. Nikasimama. "Naonja mimi!"

"Wewe dereva wa malori?" Rafiki yangu Eliapenda akacheka. "Mangi, chifu wetu, utatoka humo umebebwa!"

"Nikitoka kwa miguu yangu, unaingia wewe."

Akaizungusha kata yake mkononi. Mkewe ana mimba, na tangu Pasaka anambembeleza wakapime.

Humo ndani nikazikumbuka safari zangu. Tunduma kule mpakani nimelala na wanawake wengi, sijidanganyi. Nesi akasema sina virusi. Nilitoka nikicheza.

Eliapenda akanipa kata yake nimshikie, akaenda nyumbani. Nikajua katoroka. Kumbe! Akarudi na mkewe, wakaingia pamoja.

Walipotoka uso wa Eliapenda haukusema kitu, nami sikuuliza. Watu wote walikuwa wanamtazama. Nikanywa funda kubwa kutoka kwenye kata yake mbele yao, ndipo nikamrudishia.