Kiti Nimekishusha

Baba watoto,

Salamu watakupa wanao, mimi zangu zimekwisha. Hapa bomba la jikoni bado linavuja, na mdogo ameng'oka jino.

Wifi kaniletea ujumbe wako: niisafishe baiskeli yangu, Jumamosi uje kuichukua umpe mkeo mpya, muwe mnaendesha pamoja. Hata haya huna. Lakini nilikubali, maana tangu uondoke imekaa nyuma ya mlango, kazi yake kuanikiwa mataulo. Hamu ya kuendesha iliniisha zamani. Kila tulipotoka ulikuwa mbele, ukigeuka kunifokea, "Kanyaga, mvivu wewe," nami nikaamini kweli ni mvivu.

Jana nikaifuta vumbi, nikaijaza upepo, nikapanda kujaribu breki. Miguu haikufika vizuri kwenye pedali, kama siku zote. Ndipo nikakumbuka kwamba kiti ulikipandisha wewe kilingane na chako, ukanikataza kukishusha, eti baiskeli zetu zinapendeza zikiwa sawa. Miaka yote hiyo nakanyaga kwa ncha za vidole, mtu mfupi mimi, halafu naitwa mvivu.

Nikachukua spana, nikakishusha. Nilikuwa naenda dukani kununua sukari. Duka nikalipita, nikafika hadi darajani, nacheka peke yangu kama mwehu. Sukari nikaisahau. Leo asubuhi nimekwenda tena.

Kwa hiyo Jumamosi usijisumbue. Mkeo mtafutie baiskeli nyingine, na siku ukimpa, mpe na spana.

Ni mimi, mama wa wanao.